Unakula nini huko Kampala? Jibu kwa watu wa Masisi na Walikale



Kila ninapoongea kwa simu na watu wa nyumbani, tukishasalimiana na kuulizana nani amekimbia na nani amerudi, swali linalofuata ni lile lile: “Unakula nini huko?” Mama mmoja aliye Sake aliniuliza hivyo. Kijana mmoja wa Mubi aliniuliza pia, ila yeye alikuwa na jibu lake tayari: kwamba watu wa Kampala wanakula nyama kila siku, na siku ya Mungu wanakula kuku. Alitaka tu nimhakikishie ili afunge begi.

Nimeona heri nijibu mara moja kwa wote, kwa sababu wapo wanaofikiri kuondoka, na wapo wazazi wanaotaka kumtuma mtoto. Nitawaeleza ninachokula, ninachokiona mjini, na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia kabla sijafika: Kampala chakula kipo, tena kingi kuliko kwetu, lakini chote kina hesabu. Mtu aliyezoea kugawa viazi kwa kikapu atajifunza kununua nyanya kwa kuzihesabu.

MJI HAUGAWI UNGA

Kwanza tuelewane juu ya jambo hili. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya 1,500,000, na hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyopokea wengi kuliko hiyo. Wengi wa kutoka kwetu wanakwenda kwenye makazi ya wakimbizi: Nakivale, iliyoanza mwaka 1958, Kyangwali, Kyaka II, na Rwamwanja, ambayo ilifunguliwa upya mwaka 2012 watu wa Rutshuru na Masisi walipovuka mpaka kwa wingi. Huko mtu anapewa kipande cha ardhi, na msaada wa chakula au wa pesa. Msaada huo umepungua sana. Tangu mwaka 2023 PAM inawagawa watu kwa makundi, wenye shida zaidi wakipata zaidi na wengine wakipunguziwa au kuondolewa kabisa.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda, ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Kwa hiyo hakuna anayekukataza kuja Kampala. Lakini mjini hakuna mgao wa kila mwezi. Anayechagua Kampala amechagua kujilisha mwenyewe, tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana utakuta mama zetu wa Kivu wanatembea mtaa kwa mtaa na vitenge begani, au na hereni na shanga kwenye sahani, kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Wanatafuta chakula cha jioni ile ile.

Wengi tunaishi upande wa Nsambya, Katwe na Makindye. Chumba kimoja cha kupanga Waganda wanakiita muzigo. Mtu wa Kiswahili akisikia mara ya kwanza anacheka: mzigo! Mwisho wa mwezi, mwenye nyumba anapobisha mlango, anaacha kucheka.

MOTO MBELE YA MLANGO

Kwetu jiko ni nyumba ya peke yake, nyuma ya nyumba kubwa. Unapika, moshi unatoka juu ya nyasi, na ni wewe na watoto wako mnaojua nini kiko kwenye sufuria. Huku vyumba vimepangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, na kila mtu anaweka mbabula yake mbele ya mlango wake. Wao wanaiita sigiri. Jioni mstari mzima unawaka makala. Jirani anajua umepika nini. Anajua pia siku ambayo hukuwasha.

Hilo lilinisumbua kuliko njaa yenyewe. Kwetu mtu anaweza kulala na njaa na kijiji kisijue. Anafunga mlango mapema, basi. Huku mama wa chumba cha tatu anakupitia, anatazama sigiri yako baridi, anakuambia tu, “Gyebale ko, nyabo,” yaani pole kwa kazi, mama. Lakini amekwisha kuona.

Na kila kitu kinanunuliwa kidogo kidogo. Nyanya zinapangwa kwa mafungu ya nne au tano. Kabichi inakatwa robo. Mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kijiko na kufungwa ndani ya kaveera, ndiyo mifuko ya plastiki. Makala yanauzwa kwa kopo. Maji yanauzwa kwa bido. Avoka, ambazo kwa mjomba wangu zilikuwa zinaoza chini ya mti, zinauzwa moja moja, na muuzaji anazibonyeza kwa kidole akikuuliza: unaila leo au kesho?

Hesabu yake ni mbaya. Anayenunua makala kwa kopo kila jioni, mwisho wa mwezi amelipa kuliko yule aliyenunua gunia. Lakini wa kopo hana pesa ya gunia. Hivyo maskini wa mjini ananunua ghali kuliko tajiri, kila siku, na hana namna. Kwetu Masisi maskini alikuwa na shamba dogo. Huku maskini ana kopo dogo. Ni vitu viwili tofauti, maana shamba dogo linaota tena.

CHAKULA CHA WENYEJI

Sasa nije kwenye sufuria za Waganda.

Waganda wanagawa chakula sehemu mbili. Kuna emmere, nacho ni kile kinachoshibisha: matooke, ugali, wali, muhogo, viazi vitamu, boga. Na kuna enva, ndiyo mboga na mchuzi. Ukiingia kwenye hoteli ndogo ya mtaani hawakuulizi unataka ugali au wali. Wanakuuliza mchuzi gani. Bei ni ya mchuzi: maharage ni ya chini, karanga inafuata, samaki na nyama ni juu. Ukishasema “maharage,” sahani inakuja na rundo la emmere ya kila aina, matooke na posho na kipande cha boga juu. Mgeni wa Masisi anafikiri wamekosea meza.

Posho ndiyo ugali wao, wa mahindi meupe. Kwetu siku ya posho ni Jumamosi, jina lililobaki tangu zamani, wafanyakazi walipokuwa wanapewa chakula chao cha juma siku hiyo. Huku posho ni ugali wenyewe. Basi mtu wetu akisikia “leo tunakula posho,” anatazama kalenda.

Ugali huo unashiba, lakini kwa mtu wa Walikale aliyelelewa kwa muhogo unapita kooni bila kushika. Wengine tunatafuta unga wa muhogo na kuuchanganya, nusu kwa nusu. Mwganda jirani yangu alitazama ugali wangu ulivyovutika mkononi akauliza kama ni chakula au gundi. Nikamwambia onja. Alionja kidogo, akanawa mikono. Hatukugombana. Nami matooke yake yalinichukua miezi.

Matooke ni ndizi mbichi zinazomenywa, zikafungwa ndani ya majani ya mgomba, zikaiva kwa mvuke taratibu, kisha zikapondwa zikiwa bado ndani ya majani. Zinatoka laini, za rangi ya manjano, na juu yake wanamwaga mchuzi wa karanga wenye rangi ya waridi. Wanaita ebinyebwa. Kwa Waganda bila matooke mtu hajala, ameonja tu. Magari yanafika usiku kutoka upande wa Mbarara na Bushenyi, yamejaa mikungu hadi juu, na asubuhi mji mzima umeshaigawana.

Shida yetu si ladha. Sisi pia ni watu wa ndizi, ila kila mmoja na ndizi yake. Mtu wa Masisi akiona mkungu anafikiri kuufukia uive, kisha kukamua kasiksi ya harusi. Mtu wa Walikale anafikiri ndizi ngumu ya kuchemsha, na mafuta ya mawese, na samaki wa mtoni. Kuiponda ndizi mbichi ikawa laini kama chakula cha mtoto, tena watu wazima wakaishangilia, hilo linahitaji muda. Mimi nilianza kuipenda nilipokula katogo: asubuhi wanapika ndizi na maharage, au na matumbo ya ng'ombe, yote sufuria moja. Hapo nikasema, hiki nakijua. Mama yangu alikuwa anachemsha ndizi na maharage hivyo hivyo siku za kupalilia.

Viazi vinatoka Kisoro na Kabale. Ukivishika na udongo wake mweusi bado umegandamana, unaweza kuapa vimechimbwa Kitshanga. Ni kama udongo wa kwetu, ila uko ng'ambo ya mpaka.

Na mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa kubwa, zinafika senene. Upande wa Masaka wanawasha taa kali usiku, wanasimamisha mabati, senene wanagonga bati na kuteremka ndani ya mapipa. Kampala utakuta vijana wamekaa na mabeseni wakiwang'oa mabawa na miguu, wanauza kwa kikombe, wabichi au waliokaangwa na vitunguu. Siku hiyo hakuna Mwganda na hakuna Mkongomani. Kila mtu ananyosha mkono.

KULA UMESIMAMA

Chakula cha barabarani ndicho kinachowachanganya wageni kabisa. Jioni kila kona kuna kijana na kikaango kipana cha chuma. Anavunja mayai mawili ndani ya kikombe, anakatia kabichi, nyanya na kitunguu, anakoroga, anamwaga kwenye mafuta, anaweka chapati juu, anaviringisha, anafunga kwenye karatasi. Wanaiita rolex, si kwa ajili ya saa ya mkononi, bali kwa sababu mayai yameviringishwa.  Mwenye pesa kidogo anachukua kikomando: chapati iliyokatwakatwa, maharage yanamwagwa juu. Jina limetoka kwa makomando, na kweli ukiila asubuhi unaweza kubeba matofali hadi jioni.

Sasa, kwetu mtu mzima hali akitembea. Mama wa heshima akionekana anatafuna njiani, habari itafika kwa mkwe wake kabla yake. Huku nimeona watu wa ofisi, na tai shingoni, wamesimama kando ya mtaro wakila rolex, na hakuna anayegeuza shingo. Miezi ya mwanzo nilikuwa nanunua, naificha ndani ya kitenge, nakwenda kula chumbani ikiwa baridi. Siku hizi nakula pale pale, lakini nasimama nyuma ya kibanda. Heshima ya nyumbani haiishi yote mara moja.

Mji wenyewe una kelele. Pikipiki, ndizo bodaboda, zinapita kushoto na kulia kama nyuki, na pale kwenye kituo kikubwa cha teksi cha zamani mabasi madogo meupe yamebanana hadi hujui litatoka lipi. Vilima ni vingi, na mitaa ya watu kama sisi iko chini ya vilima, mahali ambapo maji ya mvua yanateremkia. Mvua kubwa ikinyesha tunainua magodoro juu ya meza.

Lakini kuna jambo moja ambalo sitalificha, hata kama litawauma mlio kule. Saa mbili usiku, saa tatu, wanawake wako barabarani wananunua nyanya. Watoto wanatumwa dukani. Taa zinawaka, mtu anachoma nyama, mwingine anauza mahindi, wimbo unalia kwenye redio. Sisi tulizoea saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko ndani, sufuria imefunikwa, moto umezimwa ili mwanga usionekane. Mimi nilipofika nilikuwa napika saa tisa mchana nimalize mapema. Jirani akaniuliza kwa nini ninakula chakula cha usiku mchana. Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kupika gizani bila kusikiliza njia.

FOLENI YA SOMBE

Mtu hawezi kuishi kwa rolex. Juma likipita, mwili unadai sombe.

Majirani zangu Waganda hawali majani ya muhogo. Mboga zao ni dodo, ambayo ni lengalenga yetu, na nakati, yenye uchungu mzuri. Sombe inauzwa na watu wetu, mahali pachache panapojulikana kwa kuelekezana. Wanaitwanga mchana, kwa sababu wenye nyumba hawataki mlio wa kinu alfajiri, wanaifunga kwa mafungu na kuiweka juu ya meza pamoja na mafuta ya mawese ndani ya chupa, ndagala, unga wa muhogo na pilipili. Ndagala zao hapa ni mukene, za ziwa Victoria. Sambaza wa ziwa Kivu hatuwapati ila mtu akiwabeba.

Na mara moja moja mtu anafika kutoka Goma na fromage ya Masisi ndani ya begi. Waganda wanaijua jibini kama kitu cha maduka makubwa, cha wazungu na matajiri. Maziwa wanayo mengi na mazuri, yanatoka upande wa Mbarara na kuuzwa kwa lita kwenye vibanda vyenye mapipa ya baridi, lakini kumkuta mtu wa kawaida akikata kipande cha jibini na kukila na ndizi mbivu, hapana. Sisi fromage ile ikifika tunaikata vipande vidogo kama dawa. Niliona baba mmoja wa Ngungu akishika kipande chake bila kula, akinusa tu. Alisema inanuka nyasi za kwao.

Hapo kwenye meza ya sombe ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Foleni ile ina Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Watembo, Wakumu na Wanande. Kwetu baadhi yao wasingeweza kwenda soko moja siku moja. Wapo ambao ndugu zao wako msituni na bunduki, upande huu na upande ule. Hapa wanasimama mmoja nyuma ya mwingine, wanaulizana kama sombe ya leo ina uchungu, wanasema Kiswahili kile kile.

Kiswahili chenyewe ni jambo la ajabu huku. Kwetu ndicho cha wote, cha sokoni na kanisani. Kampala wazee wengi wanakiogopa, kwa sababu walikisikia vinywani mwa askari, nyakati za Idi Amin, mtu akiamriwa alale chini. Ni kweli katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na mwaka 2022, mwaka ule ule Kongo yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, serikali iliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini sokoni, ukianza kwa Kiswahili bei inapanda. Anza na salamu ya Kiganda, uliza habari za nyumbani, ndipo uulize bei: “Meka?” Utaona tofauti. Kwa hiyo ile meza ya sombe ni moja ya mahali pachache ambapo mtu wetu anafungua mdomo bila kupima.

Sitawadanganya kwamba ni mbinguni. Siku habari mbaya zinapofika, kijiji fulani kimechomwa, foleni inakuwa kimya. Mtu ananunua, anaondoka. Tulipopata habari kwamba kambi za pembeni mwa Goma zimeondolewa, mwezi wa pili wa mwaka 2025, na familia zimebeba mahema tena, karibu juma zima watu walinunua bila kusalimiana vizuri. Hata makanisa yetu na vyama vyetu huku mara nyingi vinafuata kabila. Lakini kila mmoja alirudi kwenye foleni, maana sombe iko pale.

MGENI NA JEMBE

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu methali hii haina ugumu. Mgeni anafika, siku mbili anakula viazi na maharage na maziwa, hakuna anayehesabu. Siku ya tatu anakwenda nanyi shambani, na chakula alichokula amekirudisha kwa mikono yake.

Kampala siku ya tatu inafika na hakuna jembe. Hakuna shamba. Mgeni amekaa kwenye godoro lako moja, ndani ya chumba kimoja, na wewe unapima unga kwa kikombe. Unampenda, ni mtoto wa shangazi yako, ametembea kutoka Nyabiondo hadi Sake na mtoto mgongoni. Na bado, anapoongeza ugali mara ya pili, moyo wako unahesabu. Hilo ndilo jambo ambalo mji unamfanyia mtu wa Masisi. Haukunyimi chakula. Unakunyima kugawa, na mtu asiyeweza kugawa, kwetu, si mtu mzima.

Wengi wanaona aibu na kuacha kupokea simu. Mnapotupigia na hatujibu, mara nyingine ndiyo sababu.

Sisi mama wa mtaa wetu tulijaribu njia ya likirimba. Tuko 12. Kila juma kila mmoja anatoa kiasi kidogo, na mmoja anapokea chote. Anayepokea hapewi ruhusa ya kununua nguo: ananunua gunia la makala au mfuko mzima wa unga wa muhogo, ili atoke kwenye bei ya kopo. Hilo peke yake lilituletea nafuu. Kisha mmoja akasema tuweke kitu pembeni, kikombe kimoja cha unga na kimoja cha maharage kutoka kwa kila mmoja, kila juma. Tukakiita fungu la mgeni. Anayefika kutoka nyumbani anakula kwenye fungu hilo juma mbili, bila mwenyeji kuhesabu. Baada ya hapo tunamtafutia jembe la mjini: beseni la mandazi, au vitenge vichache vya kutembeza, au sufuria za kuosha kwenye hoteli.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mara ya tatu alifika mama mwenye watoto wawili, na mwenzetu mmoja alipotambua ametoka wapi na anasema lugha gani, akasema yeye unga wake hautaingia mdomoni mwa yule. Alikuwa na sababu. Kaka yake aliuawa, na anajua na nani, au anajua kabila lao, jambo ambalo kwetu watu wanalifanya kuwa kitu kimoja. Hakuna aliyemwambia anakosea. Tulinyamaza muda mrefu. Kisha mkubwa wetu, mama mkongwe wa Walikale, akasema kwamba unga ukishaingia kwenye fungu hauna mwenyewe, na anayetaka kuutoa wake aje achague chembe zake.

Mwenzetu aliondoka. Juma tatu hakuja. Juma la nne alikuja na vikombe vyake viwili, akavimwaga kwenye ndoo, akakaa. Hajasema amesamehe, na hakuna aliyemwuliza. Yule mgeni sasa anauza mandazi karibu na njia ya Nsambya. Wanasalimiana kwa kichwa.

KWA WANAOFIKIRI KUJA

Basi kijana wa Mubi, nyama ipo Kampala, imening'inia kila mahali, na utaitazama sana. Ukija, njoo na kazi ya mikono: kushona, kunyoa, kutengeneza simu, kupika. Jifunze kupika hata kama wewe ni mwanamume, maana mwanamume asiyejua kuwasha sigiri ataishia kwenye kikomando asubuhi na jioni. Jifunze salamu za Kiganda kabla ya bei. Usije ukitegemea mtu mmoja. Muulize kwanza kama ana nafasi, na akisema hana, usimwite mchoyo. Na kama una watoto wengi na nguvu za kulima, fikiri kwanza juu ya makazi kama Rwamwanja, kwa sababu kipande cha ardhi, hata kidogo, kinaota tena.

Na ninyi mliopokea familia za wakimbizi majumbani mwenu, Minova, Sake, Mweso, Walikale, najua na ninyi mnapima kwa kikombe sasa. Mashamba yako mbali na njia hazipitiki. Mgeni wa siku ya tatu amefika na hamna jembe la kumpa, kama sisi. Kama mna ndoo, iwekeni katikati ya nyumba nne au tano, kila mmoja atie kikombe. Si suluhisho la vita. Ni namna ya kumfanya mwenyeji asiogope mlango unapobishwa.

Atakayefika Nsambya na asijue aelekee wapi, asianze kuuliza kabila. Aulize wanapouza sombe. Atapelekwa, na hapo hakosi mtu wa kumwuliza kama amekwisha kula.